Neno Nililolikata

Mdogo wangu mpendwa,

Nisamehe kwanza, kisha usome. Miezi saba imepita tangu nikuandikie, na barua zako tatu zimekaa juu ya kabati la vyombo bila majibu. Sikuwa mgonjwa. Goti langu la kushoto linalalamika kama kawaida yake, macho bado yananitosha, na chakula kinapita. Natumaini nawe u mzima, na kwamba kikohozi cha wifi kimekwisha. Mwambie nilipokea soksi alizonifumia na ninazivaa, ingawa moja ni ndefu kuliko nyingine.

Uliniuliza habari za binti yako, na uliuliza kwa ukali. Ulisikia kwa binamu yetu kwamba ameua mbwa wa watu na kulichafua jina la baba yetu, nawe ukamwandikia aache upuuzi, akatafute kazi inayoeleweka. Barua hiyo aliisoma mezani mbele yangu, akaikunja mara nne, akaenda kuosha vyombo. Nataka ujue mambo yalivyokwenda tangu mwanzo, maana binamu yetu hajui kusimulia jambo bila kuanzia mkiani.

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, binti yako alikuja kwangu na cherehani moja na gunia la mabaki ya vitambaa. Sikumwuliza ana mpango gani. Baada ya siku chache nikamkuta anashona panya wa kuchezewa na paka. Nilicheka. Nilimwambia kwamba tangu dunia iumbwe paka hupewa panya na mbwa hupewa mfupa, wala hakuna aliyewahi kulalamika. Alinijibu, bila kuinua macho, kwamba ndiyo maana anashona panya. Fundi cherehani wa jirani akambandika jina la Mama Panya, na mtaa mzima ukalidaka.

Lakini alikuwa na mkono, mdogo wangu. Mikia aliisuka kwa nyuzi tatu. Macho hakuweka vifungo. Aliyatarizi kwa uzi mweusi, kwa sababu kifungo hung'oka na mnyama hukimeza. Kila kichezeo kipya alikijaribu kwanza kwa paka wetu mzee, asiyependa mtu wala kitu, na paka akikipuuza, alikifumua na kuanza upya. Daktari wa mifugo alipoona kazi hiyo aliweka kikapu cha panya hao mlangoni pa zahanati yake, na kila Ijumaa kikapu kilikuwa kitupu. Chumba changu cha mbele kikajaa pamba. Nililalamika kila siku, na kila siku niliketi humo humo kumtazama.

Baadaye akabuni ndege wa kitambaa kwa ajili ya mbwa, mwenye njuga tumboni. Ndege huyo hurushwa, mbwa akamfuata na kumrudisha, kisha ndege akawekwa mahali pa juu. Daktari alimwonya kwamba kila ndege lazima awe na kikaratasi cha kueleza hivyo, kwa kuwa njuga ikishafika tumboni mwa mbwa, haitoki ila kwa kisu. Binti yako aliyaandika maneno, akaniletea niyasahihishe. Anajua siwezi kupita mbele ya kosa nikanyamaza. Nilitoa kalamu yangu nyekundu, nikasahihisha, nikaipeleka karatasi mwenyewe kwa mpiga chapa, nikarudi nayo pamoja na vikaratasi mia tatu. Alivifunga shingoni mwa ndege wake bila kuvisoma. Alisema kilichopita mikononi mwa Shangazi hakihitaji macho mengine.

Mmoja wa wateja alikuwa fundi saa wa pale kona. Alifiwa na mkewe zamani, na nyumbani hakuwa na mtu ila mbwa mmoja mwekundu aliyezoea kulala chini ya meza yake ya kazi. Fundi huyo alikuwa mwanafunzi wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Alinunua ndege Jumatatu. Alhamisi akaja hapa, akavua kofia, akaketi, akaweka kikaratasi mezani. Alieleza kwamba alimwachia mbwa ndege yule, akaenda sokoni, na aliporudi alikuta pamba imetapakaa sakafuni. Daktari alijaribu, lakini mbwa hakuamka. Fundi hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwalimu, mimi nilisoma. Nilisoma mara mbili. Kimeandikwa cha kutafuna."

Binti yako alikichukua kikaratasi, akakisoma, kisha akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Akamgeukia mgeni, akamwambia, "Kosa ni langu, mjomba. Nisamehe." Nami, dada yako, nikiwa kwenye kiti changu, nilisema kwamba siku zote nilimwonya: asiyeijua lugha yake asiandike.

Kesho yake daktari alikirudisha kikapu. Jina la Mama Panya, lililokuwa mzaha, likageuka mwiba. Fundi cherehani alimwuliza mbele ya watu leo anamzika nani. Binti yako alitoa njuga tumboni mwa kila ndege aliyebaki, akawatia ndege wote kwenye gunia, akalisukuma chini ya kitanda. Kisha ikaja barua yako.

Wiki mbili zilizopita aliandika barua ya kuomba kazi katika kiwanda cha magodoro, safari ya siku nzima kutoka hapa. Aliiweka mbele yangu pamoja na kalamu nyekundu. Akasema, "Shangazi, safari hii ukikata neno, andika lingine juu yake."

Sasa nakuandikia nisichowahi kukuambia. Yeye aliandika: "Hii ni ya kurusha, sio ya kutafuna." Nilifuta "hii", nikaandika "kichezeo hiki". Nilirekebisha ngeli. Kisha nikalikata neno "sio" kwa mstari mnene, kwa sababu miaka thelathini na sita nimewaambia watoto kwamba neno sahihi ni "si". Nililikata, na "si" yenyewe sikuiandika. Hakuna aliyeniita, wala maziwa hayakufurika jikoni. Niliridhika na kukata tu. Mpiga chapa akachapa alichokiona: "Kichezeo hiki ni cha kurusha, cha kutafuna." Niliitambua koma ile mara tu fundi saa alipokiweka kikaratasi mezani. Nilijua kabla sijafungua kinywa, na bado nilisema nilichosema. Karatasi yenye wino wangu nikaificha ndani ya kamusi.

Nilimwuliza binti yako amejua tangu lini. Alisema tangu siku ya pili baada ya fundi saa kuja. Alikwenda kwa mpiga chapa, naye akamwambia kwamba aliona sentensi imekaa vibaya, lakini yeye ni nani amrudishe mwalimu darasani. Nikamwuliza mbona amenyamaza miezi yote hii. "Nilikuwa nakungoja useme wewe," alinijibu, akaichukua barua yake, akaenda kuiposti hivyo hivyo. Ilikuwa na makosa matatu. Niliyaona yote.

Ilinichukua hadi jana kuitoa ile karatasi kwenye kamusi. Nilianza kwa daktari, naye alisema atafikiri juu ya kikapu. Kisha nikaenda kwa fundi saa. Aliisoma, akanirudishia, akaendelea na saa aliyokuwa ameifungua. Bakuli la mbwa bado lipo chini ya meza. Nilipokuwa mlangoni aliniambia jambo moja, kwamba darasa la tatu nilimchapa kwa kuruka neno moja katika imla. Mimi sikumbuki. Yeye anakumbuka hata neno lenyewe.

Ninachokuomba ni kwamba umwandikie binti yako, uyafute yale uliyomwambia. Usiniandikie mimi. Kiwanda kimemjibu: anatakiwa aripoti tarehe mosi. Nimemwomba abaki, nikamwambia chumba cha mbele ni chake, na pamba yake yote. Alisema amesikia. Cherehani bado imefunikwa shuka, lakini gunia amelitoa chini ya kitanda na kuliweka karibu na mlango, nami sijui linangoja kutupwa au kufunguliwa.

Nisalimie wifi na wote wanaoniulizia. Akishaamua nitakuandikia, nami nitayaweka maneno yake kama atakavyoyasema, na kila "sio" mahali pake.

Ni mimi,
Dada yako