Kucha Tano za Mkono wa Kulia

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi. Ukungu umeshuka mpaka mjini, Meru haionekani. Studio Kaloleni tangu asubuhi. Gitaa linasikika kavu. Kimebaki kipande kimoja tu cha kurekodi, cha flamenko, gitaa la Kihispania, hiki ninachomtungia Baba — hajui — ambacho vidole vinatetemeka kwenye uzi mmoja bila kupumua. Shabani, fundi mitambo, kasema leo nimepiga kama mtu anayewahi choo. Mshenzi! Ila kweli. Turudie Jumatatu ijayo, kabla ya onyesho la hotelini Kisongo.

Nikapita saluni kwa Swabaha, akanipaka gundi kucha za kulia, ndizo ninazopigia nyuzi. Wanawake wakamcheka mwanamume wa kucha, kama kawaida yao. Wacheke. Ukucha ukikatika, mpaka uote nimeshakosa kazi. Na zile za bandia zinatoa sauti ya plastiki.

Jumanne, 10 Juni

Nimepanda Akheri kumwona Baba. Amebaki mifupa. Kanishika mkono, akapapasa kucha. Bado unazifuga? Bado, Baba. Akaachia, akageukia ukutani. Sikumwambia habari ya kipande. Nilitaka kikamilike kwanza.

Alhamisi, 12 Juni

Baba hayupo. Jana alfajiri. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 13 Juni

Maturubai yamejaa watu. Kaka Ephraimu kasema mbele ya wajomba: kesho kaburi tunafukia wenyewe, chepe linaanza kwa wanawe, kwa hiyo nikate hizo kucha za bibi harusi. Wakacheka — msibani! Nami nikacheka.

Mkasi uko kwenye kikapu cha Mama cha kushonea. Nimeuchukua. Nimeurudisha. Baba yuko mochwari na mimi nawaza kucha! Nina akili gani?

Jumamosi, 14 Juni

Tumemzika, migombani nyuma ya nyumba. Mchungaji alipomaliza, Ephraimu akanipa chepe. Nikalishika kwa kushoto, kulia nikaegemeza kiganja tu, vidole nimevikunjua kama naogopa kuungua. Udongo kidogo. Kidogo tena. Nikampa binamu.

Ephraimu hakuachia lake mpaka tuta likakaa. Na yeye ni mwalimu wa hesabu, si mtu wa jembe. Hakuna aliyenisema. Mama aliniangalia mikono, kisha akaangalia pembeni.

Baadaye kaka kaniletea bakuli la loshoro, mahindi na maziwa mgando. Viganja vyake vimechubuka, damu imebaki kwenye bakuli. Kula, mdogo wangu, la moto hilo, ngoja nikushikie usije ukaumia. Hakuwa anatania. Nimeona aibu mpaka chakula kikanishinda.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani sikwenda. Nimesema kichwa.

Jumatatu, 16 Juni

Naandika hapa hapa studio. Shabani kanipa pole, Mungu amrehemu mzee, halafu kauliza kwa upole: mikono salama? Salama.

Nilitaka vidole vikatae. Kweli, niliomba vikatae! Vimepiga mara moja, mwanzo mpaka mwisho, safi kuliko siku zote. Shabani kavua hedifoni, kafuta macho. Kasema hiki hakiguswi tena.

Sasa anauliza kama aandike kwenye rekodi kwamba ni kwa ajili ya marehemu Baba. Nimemwambia subiri, kuna kitu naandika. Anasubiri nyuma ya kioo, kalamu mkononi. Ananiinulia dole gumba.

Kucha zote tano nzima.