Usiagize Mapazia Kwanza

S.L.P. 147,
Rongai.
10 Februari 2008

Mpendwa dada yangu Chepchirchir,

Sisi ni wazima. Najua ndilo neno ulilokuwa ukilitafuta ulipokuwa unapasua bahasha, kwa hiyo nimeliweka mbele: mimi mzima, Jerotich wangu mzima, Mama mzima na bado ananigombeza kwa sababu ya kitambi. Sasa keti, unywe chai yako, halafu uniambie na nyinyi mko vipi. Shemeji Kiprugut amepona mgongo? Na watoto, naambiwa siku hizi wanacheza kwenye barafu huko Kanada kama ndama kwenye nyasi. Waambie mjomba wao akikanyaga hiyo barafu atahitaji trekta ya kumwinua.

Ile simu yako ilikatika ukiwa katikati ya kulia, na kadi za simu huku zimekuwa adimu kuliko mvua. Hata hivyo haya nitakayokuandikia nisingeyasema kwa simu. Network inapatikana vizuri pale mbele ya duka tu, na pale kila aliye kwenye foleni ya unga husikiliza mazungumzo yako, kisha anakupa ushauri.

Kabla ya Krismasi uliniuliza jambo moja: kwa nyumba yako inayojengwa hapa, uchague mapazia gani ya stima, yale yanayojikunja juu yenyewe kwa mota? Yenye rimoti, yenye swichi ya ukutani, au yanayojiendesha kwa saa? Na kitambaa kiwe kizito au kile chepesi chenye vitundu? Ukasema nikujibu haraka, unataka kuagiza huko huko. Najua ni kwa nini uliniuliza mimi. Nilikuwa nimejigamba sana kuhusu lile la saluni ya Jerotich, nikawa kama nimelivumbua mimi.

Ukweli ni huu. Saluni, kama unavyokumbuka, ndicho chumba chetu cha mbele, kinachotazama barabara, na kile kioo kikubwa kinachoanzia magotini kinatazama machweo. Mchana mwanamke akikaa chini ya draya, jua likimpiga kutoka upande wa pili, alikuwa akitoka ameiva pande zote mbili. Wateja wakaanza kuhama. Ndipo nikaenda Nakuru kwa rafiki yangu Gurdial, anayefunga mapazia ya maofisini.

Nilitaka mota ya haraka. Unabonyeza, pazia linaruka, wageni wanashangaa. Gurdial akavua miwani. “Kipngeno, wewe unataka pazia ama unataka gari la matatu?” Akasema ile ya haraka inapiga kelele na inachoka mapema, nichukue ya polepole. Nikataka kitambaa chepesi, chenye vitundu, ili nikiwa ndani nione wanaopita. Jerotich akasema kitambaa hicho taa ikiwaka ndani huonyesha vivuli vya watu, na wateja wake hawaji pale kuwa sinema. Akachukua kizito. Mimi nikaachiwa nichague rangi. Nilichagua nyeupe ya maziwa, na sasa ina alama za mikono ya kila mtu aliyewahi kupaka mafuta ya nywele hapa Rongai.

Tukaliweka la saa. Baada ya chakula cha mchana linashuka, na jua likishafichwa na mikaratusi ya ng’ambo ya barabara linapanda. Gurdial akanionyesha jambo moja zaidi. Stima ikipotea, pazia husimama palepale lilipo, na ikirudi hupanda lenyewe mpaka juu kabisa, kwa sababu ndivyo mota hukumbuka mwisho wake uko wapi. Nikasema, hii ina akili kuliko mimi. Shika hilo la kupanda lenyewe, tutalirudia.

Rimoti nayo tukaifanyia kama tunavyofanyia rimoti zote za nyumba hii. Tukaiacha ndani ya karatasi yake ya plastiki, tukaifunga raba, tukaiweka kabatini juu ya kitambaa cha kufuma cha Mama, isichakae. Na betri zake, kwa kuwa zilikuwa zinakaa bure, nikazitia kwenye redio. Sasa mambo ya baada ya kura ya Desemba yakaja, na nani alikuwa anazima redio?

Unajua yaliyotokea nchini, siwezi kukusimulia yote. Nitakusimulia ya Mburu.

Mburu ndiye anayekujengea, na ndiye aliyepiga plasta saluni yetu na kutia kile kioo. Tumekula naye miaka. Watoto wake walikuwa wameshapelekwa kwa nyanya yao Kabazi, lakini yeye na mkewe Wamaitha walibaki, wakisema haya yatapita. Hayakupita. Siku moja asubuhi waliingia kwetu kwa mlango wa jikoni, Wamaitha amevaa kiatu kimoja, na Mburu, kati ya vitu vyote vya nyumba yake, ameshika pima maji yake tu, ile mbao ndefu yenye kijitone cha maji cha kuonyesha kama ukuta umelala sawa. Nadhani hata hakujua ameishika.

Usiniulize kama nilifikiri mara mbili. Wiki hiyohiyo mpwa wetu Kibet alikuwa amefichwa chini ya kitanda cha mama mmoja Bondeni, kule Nakuru, mama wa kabila la Mburu, ambaye hata jina langu halijui. Ningefikiri nini?

Tatizo lilikuwa kuwaweka wapi. Huku nyuma hakufai, unawajua watu wetu, wanaingia kwa jikoni bila kubisha, wanafunua sufuria kwanza ndipo wanasalimu. Chumba pekee ambacho hakuna mtu angeingia kilikuwa saluni, kwa sababu Jerotich alikuwa amefunga kazi tangu fujo zianze. Tukawaweka humo, pazia likishuka mchana tunapumua, likipanda jioni wanajificha nyuma ya kabati la taulo. Halafu alasiri moja stima ikapotea, pazia likiwa chini. Likabaki hapo. Nikamwambia Jerotich, hata stima imetuhurumia.

Sikufikiria jambo ambalo Mama angeniambia mara moja. Huku kwetu, nyumba iliyofungwa mapazia mchana kutwa ina maiti. Kesho yake asubuhi Mama Nekoye wa ng’ambo akaja na kilo ya sukari, amejifunga leso, uso umeshuka, anauliza ni nani. Sukari, Chepchirchir, wiki ambayo sukari haikuonekana! Nilipomwambia hakuna aliyekufa alinitazama kama nimemnyang’anya kitu. Hakutaka kuirudisha nyumbani, akasema ukishatoa rambirambi umetoa. Akaenda, na habari ikaenda naye.

Mchana wakaja kina Zeddy.

Zeddy unamkumbuka, yule aliyekuwa anapakia magunia pale ghalani kwangu. Si mtoto tena, ana ndevu. Alikuja na wenzake, wengine siwajui, na vitu walivyoshika mikononi sitaviandika. Nikatoka barazani, nikafunga mlango nyuma yangu, nikasimama mbele yake na kitambi changu. Kwa mara ya kwanza nilitamani kingekuwa kikubwa zaidi.

“Mzee Kipngeno, pole.”

“Pole ya nini?”

“Si tunasikia kuna matanga?”

“Hakuna matanga. Ni pazia tu. Stima imepotea na hii kitu haifunguki bila stima.”

Wakaangaliana. Mmoja akacheka. “Pazia inataka stima? Kwani inapika?”

“Mzee,” Zeddy akasema, na sasa alikuwa hacheki, “pazia ni kitu ya kuvuta na mkono. Wacha mchezo. Nani ako ndani?”

“Bibi yangu.”

“Na nani?”

Nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu, na hapo nikasikia friji ya jikoni ikitetemeka.

Stima imerudi.

Dada, nilisikia kifua changu kikiwa baridi kama huko kwenu. Nyuma yangu mota ikaanza kuguna, ile sauti ndogo niliyokuwa nawaita watu waje waisikie. Swichi kubwa ilikuwa kwenye boksi la mita, hapo barazani, juu ya kichwa cha Zeddy. Rimoti ilikuwa kabatini, safi kabisa, bila betri. Na betri zilikuwa ndani zinasoma habari kwa sauti ya juu. Nikageuka pamoja nao wote, maana hakuna la kufanya tena ila kutazama.

Likaanza kupanda. Polepole. Kwanza ukanda mdogo wa sakafu. Halafu viatu vya Jerotich, vikienda mbio. Halafu vikasimama. Halafu miguu ya kiti. Nilikuwa nahesabu miguu, mingapi ya kiti na mingapi ya mtu, na nilipata zaidi ya nilivyotaka. Draya ikanguruma. Pazia linapanda tu, kama mzee anayeinuka kanisani. Likafika kiunoni. Likafika kifuani. Likafika juu, tik, likanyamaza.

Ndani alikuwapo Jerotich na kitana mkononi, na mteja kwenye kiti, kofia ya draya imemfunika mpaka masikioni, taulo limemfunika uso wote, shuka la saluni mpaka miguuni. Basi.

“Huyo ni nani?” Zeddy akauliza.

Jerotich akafungua dirisha dogo la juu. Mke wangu unamjua, akiogopa sauti yake hupanda, haishuki. “Zeddy! Ni bibi ya pasta, ana dawa kichwani! Unataka nimtoe taulo umsalimie? Ama nimwambie mama yako siku hizi unachungulia wanawake saluni?”

Wenzake wakapasuka kwa kicheko. Mmoja akampiga Zeddy begani, “Boss, unataka kusetiwa nywele?” Mwingine alikuwa bado anatazama pazia. “Mzee, hebu lishushe tena tuone.” Nikasema haliwezi, lina saa yake. Na hilo lilikuwa kweli, lakini singalishusha hata wangeniua.

Zeddy hakucheka. Alitazama ndani kwa muda mrefu, akatazama miguu ya yule mteja iliyo chini ya shuka, mmoja una kiatu na mwingine hauna. Kisha akanitazama mimi. Sijui alijua au hakujua, na mpaka leo tukikutana njiani tunasalimiana tu na kila mtu anaangalia pembeni. Akasema, “Twendeni.” Wakaenda.

Mburu nilimwona nilipoingia. Alikuwa amelala amejinyoosha chini ya kioo, pale ukuta unapofika magotini, pua ikigusa ukuta alioupiga plasta mwenyewe, kama hatua moja kutoka miguu yao. Jerotich anasema kama pazia lingeruka, vile nilivyotaka, lingemkuta katikati ya sakafu, maana mwanamume mkubwa vile hatambai upesi. Na kama lingekuwa lile la vitundu, wangeona vivuli vikikimbia kabla halijapanda. Kwa hiyo, katika mambo yote niliyotaka mimi, tulisalimika kwa sababu hakuna hata moja lililosikilizwa.

Kesho yake Gurdial alikuja na gari lake la kazi, ati kurekebisha mota, akafuata gari la polisi mpaka Nakuru, Mburu na Wamaitha wakiwa katikati ya marobota ya vitambaa. Wako kwenye kambi ya wakimbizi sasa, wazima. Wamaitha amevaa viatu vya Jerotich.

Basi jibu lako. Mota, chukua ya polepole. Kitambaa, kizito. Swichi iwe ndani ya nyumba, na pazia liwe na mnyororo wa kuvuta kwa mkono, usije ukawa mtumwa wa stima kama mimi. Betri za rimoti zikae kwenye rimoti. Lakini usiagize bado. Nilipompelekea Mburu blanketi wiki iliyopita nilimuuliza vipimo vya madirisha ya sebule yako, akafumba macho kuvitafuta, akashindwa, akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Alisema hawezi kusema kwa kubahatisha, dirisha lile ni lake, atakuja alipime mwenyewe. Wapo wanaoniambia nimwite fundi mwingine, kuna wengi wa kwetu, na tena ndio wakati wao. Nimekataa. Kama atarudi sijui, na wewe usinidanganye kwamba unajua. Nyumba itasimama hivyo bila mapazia, na mvua ikija itanyesha ndani.

Nisalimie Kiprugut na kila mtoto kwa jina lake. Mama anakubariki, anasema uvae soksi. Jerotich anakusalimu, na Kibet, ambaye amerudi, na kila kitanda anachokiona anakichungulia chini kwanza. Mungu akufunike huko uliko na afungue njia huku tuliko.

Pima maji ya Mburu iko juu ya kizingiti cha kioo cha saluni. Pazia likishuka huigusa kidogo kila siku, na Jerotich kila siku huinyoosha. Nimemwambia tusiitoe.

Ni mimi kaka yako akupendaye, kitambi na vyote,

Kipngeno