Mwandishi Anagombana na Nani

Jumapili, 12 Januari
Kifungu cha tatu cha ufahamu kimenishinda tena. Matumbawe, sijui ya bahari gani. Muda umeisha, maswali saba sijayagusa. Nikaitwanga kompyuta ngumi. Kioo kimepasuka pembeni.

Delphine, ninayepanga naye na nitakayefanya naye mtihani huo mmoja wa kuingia chuo cha sheria, alinipa bandeji ya kufunga kidole. Kisha akaniambia ninasoma kama ninavyolinda mlango wa baa: naingia kwa nguvu, natafuta wa kukamata.

"Acha kukimbiza vitu vidogo, Marit. Jiulize mwandishi anagombana na nani. Ukishajua hilo, soma maswali."

Ugomvi. Hilo naliweza.

Ijumaa, 17 Januari
Nimekosa mawili tu! Kifungu cha majaji na haki ya maji. Ugomvi niliuona mapema: huyu anadai, yule anapinga, mwandishi anajifanya yuko katikati lakini ana upande. Delphine kaniita wakili msomi, kanimwagia bia kichwani. Nanuka. Naenda kazini hivi hivi.

Jumamosi, 18 Januari
Mkono umevimba, naandika vibaya.

Jana mteja mmoja, Brody Kessler, alimshika mhudumu wetu nywele akamgongesha uso kaunta. Damu kwenye glasi. Nikamburuta nje. Kwenye theluji akachomoa kisu. Nikampiga, taya likalia kama barafu ya ziwani ikipasuka. Kisu kikaanguka, naye akaanguka. Nikampiga tena.

Hiyo ya pili hakuna aliyeiona.

Polisi wameandika kwamba nilijitetea. Ofisa mmoja akanivuta kando: safari nyingine ni mashtaka, na vyuo vya sheria huuliza.

Jumatano, 22 Januari
Wamempiga Delphine. Ndugu wawili wa Brody, nyuma ya duka la vyakula, mchana kweupe. Walikuwa wananitafuta mimi — yeye alikuwa amevaa koti langu. Walipoona si mimi waliendelea. Mkono wa kushoto umevunjika mahali pawili. Jicho moja halifunguki.

Niko naye hospitali. Nilikuwa nimeshashika funguo za gari, nakwenda kwao. Delphine akajua.

"Kaa," akasema. "Nisomee."

Nikamsomea kifungu. Kila aya alinisimamisha: kasema nini, kwa maneno yako. Nikikosea ananirudisha mwanzo. Nesi alifikiri tumechanganyikiwa. Nilisoma mpaka hasira ikashuka kutoka kooni ikakaa tumboni. Haijatoka.

Alhamisi, 6 Februari
Jaribio la mwisho. Nimemaliza ufahamu wote na muda umebaki! Delphine, kwa jicho moja, bado amenishinda.

Ndugu wa Brody walikamatwa, sasa wako nje kwa dhamana. Tofali limepita dirishani tukiwa kifungu cha pili. Vioo mpaka kwenye supu. Tukapiga simu polisi, tukabandika kadibodi, tukaanza kifungu upya.

Jumamosi, 8 Februari
Maegesho ya kituo cha mtihani. Naandika gotini ili mikono iwe na kazi.

Wapo. Pikapu yao imekaa mbele kabisa ya mlango wa kuingilia. Wote watatu, Brody taya limefungwa nyaya. Hawafanyi kitu, wanatutazama. Delphine amewapigia polisi simu. Wako njiani, wanasema. Mlango wa mtihani utafungwa muda si mrefu.

Nimetoa chini ya kiti chuma cha kufungulia nati za tairi. Kiko mapajani. Najua nimwanze yupi na nimpige wapi.

Delphine amekiona. Anafunga skafu juu ya plasta ya mkono, taratibu, kwa meno.

"Hawajaja kunipiga mimi," anasema. "Wamekuja ili wewe ushuke na hicho."

Nimemwambia tusubiri polisi. Kasema hasubiri, mtihani ni leo.

Ameshafungua mlango wa gari. Theluji inaingia mpaka kwenye karatasi. Brody naye anashuka, mkono mmoja ndani ya koti, na Delphine anatembea, hakimbii, na mimi nakiacha chuma kitini, nashuka nimfuate.