Mama Hakumkatia Simu Ingvild

Podstijena, chini ya mlima Treskavica,
6 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Nusret,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wifi yangu Ingvild huko Trondheim. Nataraji mu wazima, na kile kikohozi chako cha kila vuli kimeshapita. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua akishuka ngazi, ila akipanda hayamsumbui, kwa hiyo nayashuku. Theluji ya kwanza imeanguka na ng'ombe wote wameteremshwa kutoka malishoni.

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwa watu uliowanunulia mtandao wa setilaiti. Ni kwa sababu tangu Jumapili ile hupokei simu zetu, na barua haina kitufe cha kuikatia.

Nianze na dishi lenyewe. Fundi kutoka Sarajevo aliizunguka nyumba nzima akisema jabali letu linakula nusu ya mbingu, na dishi linataka mbingu wazi. Mwisho akalifunga juu ya banda la nyasi kavu. Jirani Hilmo alikuwa ameegemea uzio. "Fundi, hiyo sufuria mbona umeiinamisha? Supu itamwagika!" Fundi hakucheka. Watu wa mjini hawacheki wakiwa juu ya ngazi.

Mama analipenda. Theluji ikituama juu yake hulipangusa kwa ufagio wa mpini mrefu, taratibu, kama anayempangusa mtoto pua.

Unaijua desturi yetu: kitu kipya kikiingia nyumbani, majirani huja kusema kiwe cha heri. Walikuja na kahawa na sukari, na kila mmoja na simu yake. Mama hajawahi kumnyima mgeni maji, na neno la siri la mtandao akaliweka fungu moja na maji. Nilipomwambia kuwa wakizidi watu mtandao hulemewa, alinijibu, "Tangu lini kisima kikakauka kwa kuchotewa na jirani?" Hilmo, yule wa supu, akawa haondoki. Huketi kwenye kochi letu tangu asubuhi akitazama mapigano ya mafahali, na akitaka kutufurahisha huongeza sauti.

Sasa Jumapili ile. Mama alivaa kitambaa chake cha hariri cha Idi tangu alfajiri. Kuoa kwako kabla hatujamwona bibi arusi kulimuuma, sikufichi, lakini alikuwa ameshalimeza. Wifi akatokea kwenye kioo cha simu, akaweka mkono kifuani na kusema kwa lugha yetu, "Salamu, mama." Bila shaka ulimfundisha wewe, maana alikosea pale pale unapokosea wewe. Mama akainua mkono. Hapo hapo picha ikaganda, kisha ikapotea. Chumba kizima kilikuwa na simu mikononi, na fahali wa Hilmo ndiyo kwanza alikuwa anashinda.

Jioni ukaandika kwamba Ingvild analia, kwamba mamamkwe amenyoosha mkono akaikata simu, kama kumfungia mlango usoni. Nusret, mimi nilikuwa nimeketi ubavuni pake. Mkono ule ulikuwa unakwenda kumshika shavu. Mama alisahau kuwa ni kioo. Kidole kilipofika nyinyi mlikuwa mmeshatoweka, naye akaendelea kukipapasa kioo cheusi. Tangu siku hiyo hata pita ya viazi, andazi la tabaka alipendalo, anaila kwa kubembelezwa.

Jana majirani walijaa kama kawaida. Mama akawapa kahawa ya kukaribisha, akawapa ya mazungumzo. Kisha nikasikia anasaga tena. Maisha yangu yote sijamwona akimimina ya tatu, ile ya kumwambia mgeni bila kusema kwamba viatu vyake viko mlangoni. Wengine huimimina. Mama husema mdila wake haujui kuhesabu zaidi ya mbili. Aliushika kwa mikono yote miwili akaanza na Hilmo.

Hilmo akaitazama finjani, akamtazama mama na kumwita kwa jina. "Šaha, hii ni ya tatu?"

"Ya tatu."

"Nilidhani nimehesabu vibaya."

"Umehesabu vizuri. Kunywa isipoe."

"Na mafahali wangu?"

"Wana pembe, watamalizana wenyewe."

Wakanywa, wakavaa viatu. Mlangoni Hilmo akauliza, "Tumekukosea nini, jirani?"

Uso wa mama ulikuwa umemwiva. "Hamjanikosea. Namtaka mkazamwana wangu, na hana pa kupita mkijaa."

"Si ungesema tu?"

"Ningesemaje?"

Hilmo akavaa kofia yake. "Miaka sitini naingia nyumba hii. Leo ndiyo kwanza nimefukuzwa, tena kwa kahawa tamu."

Tukakupigia. Mtandao ulikuwa mwepesi kama maji ya chemchemi. Simu ikaita mpaka ikachoka. Mama akasema huenda mko kazini.

Ameamua hivi: kila Jumapili baada ya adhuhuri ataketi mbele ya simu, na kabla ya hapo atawamiminia watu ile ya tatu, mpaka mpokee. Nakuomba usichelewe. Kijiji ni kidogo, na mwanamke wa miaka sabini na minane hawezi kufukuza wageni kila wiki bila kuugua. Mweleze Ingvild kahawa hiyo ni nini, na mwambie kwamba hata mimi niliyemzalia wajukuu, mama hajawahi kukimiminia kijiji ile ya tatu kwa ajili yangu.

Shangazi Rukija anawasalimu. Amemfumia wifi soksi kwa kukisia mguu kutoka kwenye picha ya uso. Hilmo naye anakusalimu kutoka uzioni, anakosimama tangu asubuhi na simu yake, akidai anatazama hali ya hewa.

Mungu awape mkate usiopungua na afya ya kuutafuna, na mlango wenu usikose wa kuubisha.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipopokea,

Zumra