Kipande cha Pili cha Nyama

Ijumaa, 7 Novemba

Kwao wamepigwa tena mabomu. Televisheni ya bwaloni nimeizima mwenyewe. Wanafunzi sita wanaotoka huko walikuwa wamesimama mbele yake, sahani mkononi, chakula kinapoa. Wameninunia. Waninunie tu! Mkuu wa chuo ametuambia sisi walezi wa mabweni tuwe karibu na watoto. Karibu vipi, hakusema.

Mmoja wa hao sita, kijana wa uhandisi, amefiwa na baba yake. Mchana Mpishi akamwekea vipande viwili vya nyama. Mpishi yule, mkono wa birika, ambaye hata mchuzi anakupimia kwa jicho! Hakumwambia pole wala nini. Nyama tu. Kicheko, binti wa bweni langu, naye wa huko huko, akaninong'oneza: kumbe hapa mpaka ufiwe ndiyo uongezewe nyama. Tukacheka. Kisha tukaona haya.

Jumatatu, 10 Novemba

Mjomba wake Kicheko amepiga simu ofisini kwangu. Bomu limeangukia nyumba. Mama yake Kicheko hayupo tena — wameshamzika. Halafu akaniomba nisimwambie mtoto. Alhamisi ana mtihani wa mwisho, na marehemu mwenyewe aliacha neno: hata nikifa, mwanangu amalize kwanza. Sauti ya mjomba ilikuwa inakatikakatika. Mtandao au kilio, sijui.

Nikakubali. Nimekubali nini mimi!

Jioni Kicheko akaja kuazima pasi. Eti mama hapokei simu tangu juzi, mtandao wa kwetu bwana, taabu tupu. Nikasema ndiyo, mtandao. Nikajifanya natafuta funguo, na funguo ninazo mkononi.

Jumanne, 11 Novemba

Kicheko hali chakula vizuri. Nimemfuata Mpishi jikoni, nikafunga mlango, nikamweleza yote. Nimemwambia amwangalie tu kama anakula, na uso wake aukaze, asije akamshtua. Akaapa. Akageukia sufuria yake akawa anakoroga.

Baadaye Kicheko kaniomba nimsikilize majibu yake. Mambo ya uuguzi, sielewi hata neno moja, natikisa kichwa tu. Yuko tayari yule mtoto! Anayatoa yote bila kusita. Akasema akitoka tu kwenye chumba cha mtihani, mtu wa kwanza kumpigia ni mama. Nikaenda chooni nikalia, nikafungulia bomba nisisikike.

Jumatano, 12 Novemba

Mtihani kesho asubuhi. Mchana sikwenda bwaloni, kichwa kilinigonga. Laiti ningekwenda!

Nimekaa hapa chumbani nianze kuandika, mara hodi. Kicheko. Ana sahani, hajaigusa. Ameiweka mezani mbele yangu. Wali, mboga, nyama.

Vipande viwili.

"Mama, leo Mpishi kaniongezea nyama."

Nikamwambia labda imebaki, siku nyingine huwa inabaki.

"Haijabaki. Wa nyuma yangu kawapa kimoja kimoja. Halafu mimi hakuniangalia usoni."

Hakucheka. Sijawahi kumwona hivi, uso umemkauka.

"Nani, Mama?"

Nimemwambia akae kwanza, kuna kazi naimalizia hapa. Mjinga mimi! Amekaa kitandani kwangu, mikono mapajani, ananitazama ninavyoandika. Kazi yenyewe ndiyo hii. Mpishi, mtu wa Mungu, nilikwambia uso, sikukwambia sahani. Nikimwambia, mtihani umekwenda, na maneno ya mama yake nimeyatupa. Nikinyamaza, atakesha na swali hilo, na bado mtihani umekwenda. Mjomba kasema mpaka Alhamisi. Mjomba hayupo hapa!

Ameinuka. Amekuja kusimama karibu yangu, ameshika ukingo wa meza. Ameniuliza polepole kama ni mama yake. Bado naandika, sijainua macho, yake yako kwenye daftari hili, na nadhani ameshaona kwamba