Unga wa jiwe la Kalima

Jumanne, usiku

Ningetaja kutu ya mabati tu kama mfano wa oksidi, wote wangeelewa. Lakini asubuhi, nikieleza darasani jinsi chembe laini mno za oksidi ya zinki au ya shaba zinavyoweza kuharibu virusi, niliongeza kwamba hata kasiterite ya Kalima, lile jiwe jeusi linalochimbwa hapa kwetu, ni oksidi ya metali. Mjinga mimi!

Jioni akaja Mama Asha, mzazi wa mwanafunzi wangu, na unga mweusi katika kitambaa. Ameitwanga kasiterite kwenye kinu cha sombe, majani ya muhogo. Anataka kumpaka mwanawe mdogo mwenye ndui ya nyani.

"Hapana, mama. Zile chembe ni za maabara, wataalamu wangali wanazijaribu. Hii itamuumiza mutoto. Mupeleke hospitali."

"Lakini njo oksidi, mwalimu?"

"Ndiyo, njo oksidi."

Akakunja kitambaa polepole. "Jiwe hili lilimumaliza baba yangu mugodini wakati wa vita. Nilizani sasa litasaidia mujukuu wake."

Ameahidi kumpeleka hospitali kukicha. Namwamini. Lakini unga ameondoka nao, na mtoto analia kwa vidonda.

Mikelenge, mtaa wanakoishi, si mbali. Navaa viatu, nikauchukue unga ule.