Kichwa cha Karatasi

4 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Umefikaje? Natumaini mgongo hauna kinyongo na lile basi. Shemeji hajambo? Kipusa na kaka zake wanakula vizuri? Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama madirishani.

Hali ya leseni ni hii. Karatasi zinazotakiwa ni saba, ninazo tano: mkataba wa chumba, namba ya kodi, ramani, barua ya mtaa na kibali cha zimamoto. Kwa hizo tano nimekwenda ofisini mara kumi na tisa. Zimamoto walitaka ramani iliyogongwa muhuri. Mtu wa ramani alikataa kugonga muhuri mpaka aone kibali cha zimamoto. Nilimwuliza yule wa dirisha la nne, ninayemwita Bwana Muhuri, nani kati yao anaanza. Akafuta muhuri wake kwa leso, akasema, "Mama, mimi ni dirisha la nne tu."

Imebaki ya sita, cheti cha afya cha mtu anayeshika chakula, halafu ya saba, leseni yenyewe. Mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa Juni. Nisipokuwa na leseni ukutani, chumba anampa muuza simu, na tanuri halibebeki. Miaka kumi na moja nimeuza maandazi kwa beseni la kichwani mpaka nikajenga lile tanuri.

Ndiyo maana nakushukuru kwa ile siku ya vipimo. Ningekwenda mwenyewe, mkaguzi wa zimamoto angekuta mlango umefungwa, angerudi baada ya miezi miwili. Wewe ukachukua fomu yangu, ukapanga foleni hospitali kuu tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana, ukatoa damu na makohozi kwa jina langu. Mpimaji aliangalia namba ya fomu, uso hakuuangalia. Tangu utoto wetu bombani ndivyo tulivyo, anasimama mmoja wanahesabiwa wawili.

Kile kikohozi kimepungua? Ile chokaa tuliyopaka ukutani ilikuwa kali. Kunywa maji ya moto.

Dada yako


19 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeisoma kwa sauti na shemeji yako akacheka mpaka akashika mbavu. Sasa hapa nyumbani kila asiyetaka kuosha vyombo anasema yeye ni dirisha la nne tu.

Sisi wazima, ila hicho kikohozi hakijaondoka. Mwenye duka la dawa amenipa chupa ya pili. Nadhani ni vumbi la vitambaa, maana nimepata kazi ya kushona sare za shule na siinuki kwenye cherehani. Mwili umepungua kidogo, nguo zangu mwenyewe nazipunguza kiuno. Kipusa haachi kulala kitandani kwangu. Anasema mgongo wangu ni wa moto kama tanuri la mama mkubwa.

Cheti kikitoka niandikie siku hiyohiyo.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za huko? Watoto hawajambo? Nisamehe kimya cha wiki sita, nilikuwa vitani.

Nilikwenda kuchukua cheti, wakanipa karatasi iliyoandikwa kwamba nina kifua kikuu. Tena si kile cha kawaida, ni kifua kikuu sugu, na chini wameorodhesha dawa ambazo hazitanisaidia. Mimi! Mimi ninayebeba gunia la unga peke yangu. Nikajua wanataka niwape chochote. Sikutoa.

Wakaanza kunitumia muuguzi nyumbani, binti mpole, na mfuko wa dawa za bure. Alikuja mara tatu. Mara ya kwanza nilimpa kiti. Ya pili nilizungumza naye mlangoni. Ya tatu nilimwambia mbele ya majirani kwamba dawa zake akampe aliyemtuma. Akasema, "Mama, dawa hizi zina mtu wake. Kama si wewe, basi kuna mtu anakohoa." Nikamfungia mlango.

Halafu nikafanya la maana. Nikapimwa upya hospitali mbili tofauti, kwa fedha yangu, kifua, damu na makohozi. Zote mbili zikaandika safi. Nikaziweka mbele ya bwana afya. Alizisoma, akasema huenda maabara ilichanganya vikopo, akafunga faili. Cheti kilitoka Jumatatu, leseni ikatoka Alhamisi. Bwana Muhuri aligonga mara mbili, ya kwanza haikutoka wino. Nimeitundika ukutani, nimewasha tanuri, na nina wanawake watatu wanaonikandia unga. Kilichobaki ni bwana afya kuja tarehe 30 Juni kuthibitisha.

Ile karatasi yao ya uongo nimeificha kwenye droo, iwe ushahidi.

Dada yako


17 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi si wazima.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikingoja mahali utakaposema umeelewa. Hukusema. Dada, makohozi yale yalikuwa yangu. Maabara haikuchanganya kitu. Yule binti alikuwa ananitafuta mimi.

Nilikuwa nimeshakwenda zahanati kabla barua yako haijafika, baada ya kuanguka kwenye cherehani. Wamekuta kifua kikuu na kunipa dawa, ninazimeza wiki ya tatu sasa. Joto halishuki. Nimemweleza daktari habari ya karatasi yako. Akasema kama ni sugu basi dawa anazonipa ni sawa na maji, ila hawezi kunibadilishia kwa maneno tu. Hapa hawana mashine ya kujua dawa gani inafaa. Wakituma makohozi yangu mbali, majibu yanachukua miezi mitatu. Majibu yaliyomo kwenye droo yako ni hayohayo, yako tayari.

Itume, dada. Sikulaumu kwa ile foleni, nilikwenda kwa miguu yangu. Itume tu.

Mdogo wako


29 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Pole sana. Siku nne sijaonja hata mkate wangu mwenyewe.

Lakini nisikilize kwa utulivu. Kichwa cha karatasi ile kina jina langu na namba ya faili. Daktari wako akiandika barua hospitali kuu, na lazima ataandika, watajua kwamba aliyepimwa si mimi. Nimeuliza kwa mzunguko, kama mtu anayeulizia jirani. Kudanganya kipimo cha afya ni kunyang'anywa leseni, na kufungiwa miaka miwili. Chumba kinakwenda kwa muuza simu. Wale wanawake watatu wana watoto tisa kati yao.

Kwa hiyo nimetafuta njia ya katikati. Nimekata kichwa cha karatasi kwa mkasi, upana wa vidole vitatu, nimekutumia iliyobaki. Orodha ya dawa yote iko pale, sijagusa hata herufi. Kinachotibu ni orodha, jina halitibu mtu. Nimeweka pia mablanketi mawili na fedha za mayai na maziwa. Kula.

Dada yako


11 Juni

Dada,

Shikamoo. Mkono huu ni wa shemeji yako, mimi nasema yeye anaandika.

Daktari ameikataa. Amesema karatasi isiyo na jina wala namba inaweza kuwa ya mtu yeyote, na dawa hizo kali zinaweza kuua masikio ya mtu au figo zake, hawezi kumpa mgonjwa kwa karatasi iliyokatwa na mkasi. Amesema apate hicho kipande, hata kikiwa na jina la nani. Hatamshtaki mtu, anachotaka ni namba ya faili aulize hospitali kuu.

Nimekohoa damu mara mbili. Mablanketi tumepata, sikuomba mablanketi.

Tuma kipande.

Mdogo wako


1 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Unaendeleaje? Shemeji na watoto je?

Kipande hiki hapa. Nimekigundisha kwenye kadi ngumu kisichanike njiani, na anayekibeba ni dereva wa basi ninayemfahamu. Atakikabidhi mkononi kwa shemeji, si kwa mtu mwingine.

Barua yako ilinifikia tarehe 15. Sitakuficha, nilikaa nayo siku kumi na sita. Kila asubuhi nilikitoa hicho kipande kwenye droo, na kila asubuhi tanuri lilikuwa linangoja. Nikajiambia, bwana afya anakuja tarehe 30, akishathibitisha mambo yatakuwa mepesi, hata wakiuliza nitakuwa na pa kusimamia. Jana amekuja. Amepitisha kidole juu ya meza, amechungulia pipa la unga, amesaini. Hakukaa hata dakika kumi.

Kwa hiyo nimetuma leo, kabla sijawasha moto. Najua itaonekanaje. Lakini fikiri, ningefungiwa ningekusaidia na nini? Sasa nina njia. Tafuteni hospitali nzuri kokote, gharama ni zangu, zote. Watoto waje huku, nimewaandalia chumba cha nyuma. Kama unataka kunitukana, nitukane, ila jibu.

Dada yako


20 Julai

Dada,

Barua yako imefika, na kipande kimefika tarehe sita.

Naandika mwenyewe leo kwa sababu nimepata nguvu kidogo. Daktari alipiga simu hospitali kuu palepale, wakamsomea faili, na dawa mpya nilianza siku ya tatu. Pafu la kushoto amesema halitarudi. La kulia atajaribu. Ni dawa za mwaka mmoja na nusu, na cherehani nimeiuza kwa jirani kwa sababu mguu hauna nguvu ya kukanyaga. Daktari aliwaulizia pia jina lako, wakamjibu kwamba faili hilo lilishafungwa. Hawakutaka kulifungua tena, ni kazi nyingi. Kwa hiyo hofu yako ilikuwa bure tangu Mei.

Tangu nilipokuomba ile karatasi mpaka ilipotimia zilipita siku hamsini. Hesabu hiyo ni ya daktari. Aliifanya kwa sababu ya Kipusa. Zahanati waliniambia kwamba mtu akishameza dawa wiki mbili haambukizi tena, basi nikamrudisha mtoto kitandani kwangu, alikuwa analia kila siku kwa kutengwa. Hilo la wiki mbili ni kwa dawa inayofanya kazi.

Amepimwa. Anacho, na ni kilekile sugu. Ana miaka mitatu na nusu. Vidonge vya watoto havijafika, kwa hiyo tunasaga vya watu wazima na kuvichanganya na sukari. Anavitapika, tunaanza upya. Baba yake anamshika mikono, mimi namshika kidevu. Jana alimwambia baba yake, "Mwambie mama nimekuwa mzuri, asinishike."

Usilete fedha. Watoto hawaji huko. Dereva wako akija na mzigo atarudi nao.

Tulipewa fomu ya kumwandikisha. Wanataka majina ya ndugu wote wa mama, waliko na kazi wanayofanya, ili bwana afya wa kila mahali awafuate na kuwapima. Muuguzi alisoma swali, shemeji yako akanitazama, akaniachia nijibu.

Nimemwambia aandike sina ndugu. Kwa hiyo hakuna atakayekuja kukusumbua. Oka mikate yako.

Mama Kipusa